Kifuniko Usikikaze

Marahaba, marahaba. Nimezipokea zote, hata ya huyo anayenisalimia huku macho yakiwa kwenye simu. Zimeni guta zenu kwanza tusikilizane. Mnalia mafuta yamepanda, halafu mnaacha injini inanguruma bure mtu mzima akiongea.

Juzi nilikuwa barazani kwangu hapa Bigwa, nikamwona mmoja wenu anateremka kutoka Mkuyuni na madumu matatu ya tembo. Simtaji, anajijua, ana kofia ya njano. Vifuniko amevikaza, na juu yake amevifunga na mpira wa tyubu. Nikasimama, mgongo huu ulivyo mbovu, nikapiga kelele: "We! Legeza vifuniko!" Mwenzangu akanipungia mkono, akapiga na honi, akadhani namsalimia. Nikarudi kukaa nimenuna mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana nimewaita. Sitaki kuwafundisha kuendesha, nyie mnageuza guta na matairi yake matatu mahali ambapo mimi ningeshuka nikaisukuma. Nataka kuwaambia habari ya kifuniko tu.

Kwanza mzigo wenyewe tuuelewe. Tembo ninalosema ni yale maji matamu yanayodondoka kwenye ua la mnazi mgema akilikata. Asubuhi ni matamu, mtoto anakunywa, hayana kosa lolote. Yakikaa na joto yanaanza kuchemka yenyewe bila moto, na ikifika alasiri ni pombe, aliyekunywa anaimba nyimbo za shule. Dumu lile lile! Ukibeba mchanga ukachelewa, utafika na mchanga. Ukibeba ndizi zikapondeka, utafika na ndizi zilizopondeka. Tembo likikuchachia njiani unafika na kitu kingine kabisa, na uliyempelekea hakitaki hata kukigusa.

Niliyempelekea mimi ni Bi Zuhura, mjane, nyumba yake ile yenye mfenesi mnaijua wote. Huyu mama alikuwa anapika tembo tamu kwenye sufuria pana mpaka linakuwa asali, nyeusi kidogo, nzito, ya kutilia uji na visheti. Mwezi wa Ramadhani watu walikuwa wanafika kwake na vikombe kabla asali haijapoa. Mdomo wake ni mkali, na nasema hivi nikijua atasikia. Siku ya kwanza nilimletea tembo nikiwa nimeosha madumu kwa sabuni ya unga yenye manukato, nikijiona msafi kuliko wote. Akapika saa nne nzima. Akaonja. Akaniita.

"Athumani, hii ni asali au ni shuka?"

Nikaonja. Wallahi ilikuwa inanukia kamba ya nguo. Tangu siku hiyo nikajua kwamba dumu la tembo huoshwa kwa maji ya moto tu, kisha hufukizwa moshi wa makumbi ya nazi, kisha huanikwa mdomo ukiangalia chini. Sabuni kaoshee guta.

Mengine niliyajua kwa kuumia vile vile. Mnapopanda mlima wa Kiroka, madumu yasogezeni mbele karibu na mgongo wenu. Ukiyarundika nyuma, gurudumu la mbele linanyanyuka, na hapo huna usukani tena, umebaki na dua. Mkiteremka, msiweke nyutro kuokoa mafuta, nimeona mtu aliyeokoa mafuta akaishia kwenye migomba ya watu. Tembo jazeni mpaka begani mwa dumu, juu acheni nafasi ya povu. Funikeni kwa magunia yaliyolowa. Na ukisimamishwa na askari wa barabarani ambaye ni mgeni huku kwetu, usimjibu kama nilivyojibu mimi.

"Umebeba nini, mzee?"

"Tembo, afande."

Akarudi hatua mbili. "Tembo yupi?"

"Wa Mkuyuni."

"Mzima?"

"Bado mzima afande, ila ukinichelewesha atachacha."

Alinizuia nusu saa akipiga simu, anataka kujua kama nimevamia mbuga ya Mikumi. Siku ile nilifika kwa Bi Zuhura natokwa jasho, na tembo lilikuwa limeanza kunong'ona. Ndiyo, linanong'ona. Ukiweka sikio kwenye dumu unasikia sss, sss. Likinong'ona bado unaweza kuliwahi na moto. Likianza kuongea, limwage.

Sasa, aliyenifundisha kusikiliza ni Mzee Mloka, na hapa naomba mtu asinikatize.

Mzee Mloka ndiye mgema. Nimeishi na watu wengi wenye mikono mizuri, mafundi seremala, mafundi cherehani, lakini sijaona mkono kama ule. Alikuwa anapanda mnazi alfajiri na mapema, kotama yake kiunoni, kile kisu cha wagema kilichopinda, na kibuyu kimening'inia mgongoni. Ananyofoa kipande chembamba kwenye ncha ya ua, chembamba kiasi kwamba ukikiweka kwenye gazeti unasoma maandishi. Akikata zaidi ya hapo, ua linachoka haraka. Akikata pungufu, halitoi. Ndani ya kibuyu anapaka chokaa kidogo, ile ya kutafunia tambuu, kulizuia tembo lisichache usiku. Kidogo kiasi gani? Nilimwuliza mara nyingi. Alikuwa ananionyesha ukucha wake wa kidole kidogo, na ukucha wenyewe ulikuwa umevunjika.

Na mgema huyu, jamani, hajawahi kuonja pombe. Baba yake alikuwa mgema pia, na alikuwa mnywaji wa kile alichokigema, mpaka akaanguka kutoka juu. Mzee Mloka aliirithi kotama akaiweka darini miaka mingi. Aliitoa baada ya Bi Zuhura kupanda mpaka kwake kumwomba tembo tamu la kupikia. Alikubali kwa sharti moja, akalitamka mbele yangu mimi dereva: "Siku tembo langu litakapofika huko chini ni pombe, kotama inarudi darini. Sitakuwa na maneno na mtu. Inarudi tu."

Kwa hiyo mkumbuke tulivyokuwa watu watatu. Mmoja juu ya mnazi, mmoja kwenye sufuria, na katikati yao ni mimi na guta. Mimi nikichelewa, wote wawili hawana kazi.

Haya, tufike Ijumaa yenyewe.

Mjukuu wake Mzee Mloka alikuwa anaolewa hapa Bigwa, baada ya swala ya Ijumaa. Baba wa binti alikwisha fariki, kwa hiyo walii wa kumwozesha ni babu. Asubuhi ile mzee alipanda minazi yake kama kawaida, akateremsha tembo, akaoga, akatoka ndani amevaa kanzu. Vijana, ile kanzu! Nyeupe, imepigwa pasi ya mkaa, mkunjo wake unaweza kukukata. Kofia ya kufuma. Nilimjua miaka mitatu akiwa na kaptula na magome ya mnazi kifuani. Nikajikuta nampa shikamoo mara ya pili.

"Mzee, leo umependeza."

"Leo natoa mtoto," akasema. "Twende polepole."

Gari la abiria lilikuwa limeshapita, kwa hiyo alipanda nyuma kwangu, akakaa juu ya gunia kavu, mgongo ameegemeza madumu. Hapo ndipo akili yangu iliponidanganya. Kwa kawaida kifuniko tunakilegeza, kinakaa tu juu ya mdomo wa dumu, na povu kidogo linaruka njiani, hatujali. Lakini nikaitazama ile kanzu. Nikajisema, Athumani, leo hata tone moja lisimrukie mzee wa watu. Nikavikaza vifuniko vyote vitatu kwa nguvu zangu zote. Nikachukua mpira wa tyubu, nikazungushia juu. Nikafunika na magunia ili asione nilivyomjali. Nilijisikia vizuri sana, nawaambieni ukweli. Nilikuwa naendesha huku napiga mluzi.

Chini ya Kiroka tukakuta lori la ndizi limelala katikati ya barabara. Halikuumiza mtu, lakini halipishi hata baiskeli. Tukakaa. Jua likapanda. Watu wanashusha mikungu mmoja mmoja, kila mmoja anatoa amri na hakuna anayefuata. Mzee Mloka alikuwa ametulia, anasoma uradi wake. Mara moja akageuza kichwa, akainamisha sikio kwenye madumu.

"Athumani, mbona leo liko kimya?"

"Limelala, mzee," nikamjibu, nikacheka.

Hebu fikirieni. Mtu yule alinifundisha kusikiliza, akaniuliza swali zuri kabisa, nikamjibu utani. Tembo lilikuwa kimya kwa sababu nimeliziba pumzi.

Barabara ilipofunguka tulikuwa tumechelewa, nikaendesha mbio. Tulipoingia Bigwa, karibu na kwa Bi Zuhura, watu wa harusi walikuwa wamesimama barabarani wanamsubiri walii, akina mama na vigelegele vyao, wazee wa upande wa bwana harusi na kanzu zao. Mimi nikaona raha, nikapiga honi. Pale kuna tuta. Mnalijua, mnalilaani kila siku. Nililipanda.

Puuu!

Nilidhani tairi. Nikatazama kwenye kioo, nikaona povu jeupe limesimama angani na kofia ya kufuma inapaa. La pili likafuata. Puuu! La tatu sikulisikia, masikio yalikuwa yameziba kwa aibu. Nikasimama. Mzee Mloka alikuwa amekaa pale pale, amelowa kuanzia utosini mpaka miguuni, povu linamtiririka ndevuni. Na harufu! Jamani, harufu ilikuwa ya kilabuni siku ya mnada.

Vigelegele vilikatika. Kisha mtu mmoja huko nyuma akasema kwa sauti, "Eh! Walii kaanza sherehe mapema!" Watu wakacheka. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akamwinamia mwenzake akamwuliza kama walii yuko sawasawa. Nililisikia swali lile. Mzee Mloka naye alilisikia.

Akanitazama. Hakupandisha sauti.

"Ulikaza?"

"Nilikaza, mzee. Kwa ajili ya kanzu."

Akateremka.

Bi Zuhura alitoka mbio, akamwingiza uani kwake, akamtilia maji ndoo nne. Ndipo akanigeukia mimi. "We Athumani, nimekutuma tembo, umeniletea msiba! Vua!" Nikavua. Nguo zangu za kazi ndizo zilizokuwa kavu na hazina pombe. Mzee Mloka ni mwembamba, mimi wakati ule nilikuwa na tumbo, hivyo suruali ikawa inamwanguka. Kitu pekee cha kuifungia kilikuwa ule mpira wa tyubu. Aliufunga kiunoni mwenyewe. Akaenda msikitini, kisha akaenda kutoa mjukuu wake, na shati langu lenye doa la oili mgongoni.

Mimi nilibaki stoo kwa Bi Zuhura nimejifunga kanga. Maneno ya kanga ile siwezi kuwasomea. Nyumba ya harusi ilikuwa ya jirani, na dirisha la stoo lilikuwa wazi, nikamsikia anamwozesha mtoto. Sauti yake ni ya mtu anayesikika mpaka mnazi wa pili. Siku ile ilikuwa ndogo. Niliumia, wacheni niseme hivyo. Niliumia mpaka nikatamani lori lile lingeniangukia mimi.

Jioni alinirudishia nguo zangu zimekunjwa vizuri, mpira wa tyubu juu yake.

"Kesho usije," akasema.

Siku ya kwanza sikwenda. Ya pili sikwenda. Sufuria la Bi Zuhura likakaa kifudifudi uani, kuku wanalala juu yake. Nilibeba mchanga, nilibeba matofali, kichwa changu kilikuwa Mkuyuni. Nyie mnajua, au hamjui, kwamba ua la mnazi lisipokatwa kila siku ncha yake inakauka na kufunga. Siku tatu, nne, basi. Nikahesabu. Nikajua kotama iko darini na maua yamekufa, na kazi ile imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi na wema wangu.

Siku ya tisa alfajiri Bi Zuhura akanijia. "Unangoja nini? Nenda kamwombe mzee radhi. Na hilo liguta lako liache, nenda wewe peke yako."

Nikapanda gari la abiria mpaka Mkuyuni, kisha mguu mpaka shambani kwake. Nilifika mapema, ukungu haujaondoka. Nikasikia kisu juu. Nikainua uso, nikamwona Mzee Mloka yuko juu ya mnazi wake, kaptula yake ile ile, anakata. Akateremka na kibuyu kimejaa. Akanipita, akaenda kwenye shina, akakiinamisha kibuyu, akalimwaga tembo lote chini. Tembo tamu, safi, la kwanza la asubuhi. Ardhi ya pale ilikuwa imelowa, siafu na nyuki wamejaa. Nikaelewa kwamba hakuwa anamwaga kwa mara ya kwanza. Siku zote tisa alikuwa anapanda, anakata, anateremsha, anamwaga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mbona unamwaga?"

"Nisipokata, ua linakufa. Ua limekosa nini?" Akakipangusa kibuyu. "Nilisema kesho usije, sikusema usije tena. Nimekungoja, Athumani. Siku tisa. Ulikuwa unasukuma guta kwa mkono?"

Nilipiga magoti pale pale kwenye siafu. Nililia, na wakaniuma, na nikalia zaidi. Nikamwambia kotama yake isirudi darini kwa ajili yangu, kama ni kubadilisha dereva abadilishe dereva. Akaniacha mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia maneno ambayo nayarudia kwenu yalivyo: "Uliionea huruma kanzu. Kanzu inafuliwa. Tembo ndilo ulilopewa ulibebe."

Akapanda tena kidogo, akachana kilifu, ile nguo ya nyuzinyuzi inayovaliwa na mnazi kwenye makuti. Akakunja vipande vitatu, akavikata vizuri na kotama, kila kimoja kinaingia kwenye mdomo wa dumu. Pumzi inapita, tembo halimwagiki ovyo. Akaniwekea mkononi. "Hiki hakikaziki," akasema, "hata dereva awe mjinga namna gani."

Kesho yake nilikwenda na guta. Tangu hapo mpaka nastaafu sikuwahi kuweka kifuniko cha plastiki kwenye dumu la tembo. Mkipita kwangu nitawaonyesha kilifu kinavyokatwa. Mnazi wa kukichania mtautafuta wenyewe.

Nilidhani yamekwisha hapo, kumbe kuna kitu kilibaki. Kila Mzee Mloka alipopanda guta yangu kuja mjini, na alipanda mara nyingi, kumtazama mjukuu, baadaye kumtazama kitukuu, alikuwa anakaa pale pale nyuma, na mkono wake wa kulia unaingia chini ya gunia. Anauweka juu ya mdomo wa dumu. Unakaa hapo kutoka Mkuyuni mpaka Bigwa, mlangoni kwa Bi Zuhura. Hakuwahi kuutaja. Tunaongea mvua, tunaongea bei ya karafuu, anacheka, lakini mkono uko kwenye dumu. Nilikuwa nauona kwenye kioo. Nyie mnaweza kusema ni mazoea tu. Mimi nilijua unamaanisha nini, na sikuwa na haki ya kuuliza. Ilikuwa hivyo miaka tisa.

Mwaka juzi mgongo ukanishinda. Safari yangu ya mwisho nilimwambia mapema, na asubuhi ile akatoka ndani amevaa kanzu. Ile ile. Kifuani ilikuwa imebaki doa la manjano ambalo sabuni haikuliweza. Nikamwuliza kama kuna harusi. Akasema, "Hakuna. Nakusindikiza."

Akapanda nyuma. Nikawasha. Tukapanda Kiroka polepole, madumu yamesogezwa mbele, vilifu vimekaa vizuri, tembo linanong'ona kidogo tu. Nilikuwa naongea peke yangu muda mrefu kabla sijagundua kwamba hanijibu. Nikatazama kwenye kioo. Mzee Mloka alikuwa amelala. Kichwa amekiegemeza kwenye dumu, mdomo wazi, anakoroma, na mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani.

Lile tuta nililipanda kwa gia ya kwanza, gurudumu moja baada ya jingine. Nilipofika kwa Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, sufuria liko motoni, anafungua mdomo kunikaripia kwa kuchelewa. Nikamwonyesha kidole mdomoni, nikamwonyesha nyuma. Akatazama mikono ile, akashusha mwiko.

Tulimwacha alale mpaka alipoamka mwenyewe.